Gari la Kibuta Lisilo na Namba

Sisi wa Kibuta tulimwita Dereva. Leseni alikuwa nayo, aliipata jeshini, na alipenda kuitoa kwenye mfuko wa koti kuonyesha picha yake ya ujanani, akiwa na kofia iliyolala upande. Gari pia alikuwa nalo, kalitengeneza mwenyewe uani kwake. Alichokosa ni namba ya gari, na kwa kukosa namba hakuruhusiwa kukanyaga barabara ya serikali, ambayo ilipita karibu kabisa na shamba lake.

Nilimfahamu nilipoletwa Kibuta bibi arusi, nimeolewa kutoka Marui. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Mume wangu alimwita kaka, basi mimi nikamwita shemeji. Siku ya kwanza nilipomwona nilidhani ana kasoro fulani kichwani. Alikuwa anatembea peke yake kwenye kijia cha kisimani, na alipofika pa kukata kulia alinyoosha mkono wa kulia kwanza, akautuliza hivyo kidogo, ndipo akakata. Nilimwuliza mume wangu, "Yule anaashiria nini?" Akacheka. "Anawaambia walio nyuma kwamba anageuka." Nyuma hapakuwa na mtu.

Ndivyo alivyokuwa. Mfupi, mpana wa mabega, mkimya asubuhi na msemaji jioni. Neno lake kubwa lilikuwa "ruhusa kwanza." Akitaka kuokota nazi iliyoangukia upande wetu, anabisha hodi, anasubiri aitikiwe. Akitaka kupita mbele ya wanawake wanaotwanga, anasimama mbali anakohoa. Watu walisema vita ndivyo vilivyomfanya hivyo. Yeye mwenyewe vita hakuvisimulia, ila aliwahi kutuambia kwamba huko alikokuwa aliona dereva mwenzake akivuliwa vyeo mbele ya kikosi kizima kwa kuchukua lori bila karatasi, kwenda kumletea maji mgonjwa.

"Na mgonjwa?" nilimwuliza.

"Mgonjwa alikunywa," akasema.

Lakini mkewe alikuwa na yake ya kusema kuhusu hiyo ruhusa. Alipokuwa analiunda lile gari, Dereva alihitaji springi za viti, akazing'oa kwenye kitanda cha mkewe wakati mwenyewe yuko kisimani. Mama wa watu alirudi, akajitupa kitandani kupumzika, akatua sakafuni. Miaka yote niliyoishi nao hilo halikuisha. "Ruhusa ya serikali anaijua," alikuwa akiniambia, "yangu hajawahi kuisikia." Kwa kulipiza, alianika makopa ya mihogo juu ya boneti. Dereva hakuruhusu mtu kula ndani ya gari lile, wala kuingia na miguu yenye matope, lakini makopa ya mkewe hakuyagusa. Alisubiri yakauke ndipo awashe injini.

Gari lenyewe lilikuwa na chasisi ya lori la jeshi lililouzwa kama vyuma chakavu, injini ya teksi iliyopinduka mlima wa Pugu, na bodi ya mbao za mvule alizoziranda mwenyewe. Mlango mmoja ulifunguka na mwingine haukufunguka kabisa. Taa moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake, ukilitazama kwa mbele utadhani linakukonyeza. Nilikuwa natwanga siku injini ilipokubali. Kuku walipaa juu ya mapaa, watoto wakakimbilia kwa mama zao, na bibi mmoja wa jirani alitoka nje akisoma Ayatul Kursi. Dereva alilizungusha uani mara kadhaa, akazima, akashuka. Hakushangilia. Aliingia ndani, akaoga, akavaa kanzu na koti, akaenda bomani Kisarawe kwa miguu kuomba namba.

Kilichotokea bomani alitusimulia barazani jioni ile, na baadaye alikisimulia mara nyingi mpaka sote tukakijua kwa moyo. Karani alikuwa kijana mpole wa Kizaramo kama sisi, aliyetaka kweli kumsaidia.

"Gari la kampuni gani, mzee?"

"Langu."

"Najua ni lako. Nauliza nani amelitengeneza."

"Mimi."

"Hapa panataka jina la kiwanda."

"Basi andika Kibuta."

Karani akaandika Kibuta. Karatasi ikaenda Dar es Salaam kwenye ofisi ya magari, ikakaa mpaka mihogo ya masika ikavunwa, ikarudi imepigwa mstari mwekundu. Kiwanda cha jina hilo hakijulikani. Kisha wakataka gari likaguliwe, na mkaguzi yuko mjini, na gari lisilo na namba haliruhusiwi kwenda mjini. Mwingine angekata tamaa, au angeondoka alfajiri akabahatisha. Dereva alimwomba mwenye lori la mbao, wakalipakia gari juu ya lori kwa magogo na kamba, Kibuta nzima tukisukuma, likaenda Dar es Salaam likiwa limepandishwa mgongoni kama mtoto. Mkaguzi akalikagua, akasema breki ni nzuri, akatoa cheti.

Tulidhani yamekwisha. Dereva alirudi amekaa ndani ya gari lake juu ya lori, ameshika usukani, anapunga mkono.

Kumbe namba haikutoka. Sasa walitaka barua ya aliyekuwa na ile teksi, kuthibitisha kwamba injini haikuibwa. Mwenye teksi alikuwa amehamia Tabora. Barua ikaenda Tabora, ikamtafuta, ikampata, akajibu vizuri tu. Lakini jibu lilipofika, cheti cha mkaguzi kilikuwa kimepitwa na muda. Lipelekwe tena. Likapandishwa tena juu ya lori. Safari hii mkaguzi alikuwa mwingine, akatazama namba iliyogongwa kwenye chasisi, akafungua daftari zake, akasema lori hili limeandikwa limeteketea vitani. Iletwe barua ya jeshi kwamba halikuteketea. Jeshi likajibu kwamba kikosi hicho kimekwisha kuvunjwa na hakuna wa kuulizwa. Na wakati jibu hilo linasubiriwa, cheti cha pili nacho kikapitwa.

Alikuwa akirudi kutoka bomani anapita mbele ya nyumba yetu, nami namjua kwa mwendo tu. Akiwa na tumaini anatembea katikati ya njia. Akiwa hana, anatembea pembezoni kabisa, bega lake linagusa majani.

"Vipi, shemeji?"

"Bado karatasi moja."

Ilikuwa kila mara bado karatasi moja.

Hata Bwana Shauri, mkubwa wa bomani, alikuja kulitazama. Mzungu kijana, mwekundu wa shingo, alizunguka gari lile akigonga mbao kwa vidole, akaomba aendeshwe kidogo humo shambani. Walipoteremka alikuwa anacheka kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba gari ni zuri sana, na kwamba yeye si ofisi ya magari. Dereva alimpigia saluti. Mkewe alikuwa kando yangu, akasonya kwa sauti ambayo nadhani hata yule Mzungu aliielewa.

Sasa niseme habari ya njia ya mashambani, maana hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane mpaka Marui kwetu.

Sheria ilikataza barabara ya serikali. Shamba la mtu haikulitaja. Dereva akakata njia katikati ya minazi yake, pana ya kutosha gari, toka uani mpaka mwisho wa shamba. Akawa anapakia watu bure, wazee na wanawake wenye mizigo, anawapeleka mpaka kwenye mpaka, wanashuka, wanaendelea kwa miguu. Ilichekesha. Unapanda gari kwa heshima zote, unafungiwa mlango, unafika mwisho wa minazi, unafunguliwa mlango. Kisha akaenda kwa jirani wa pili kuomba ruhusa ya kuongeza njia. Akapewa. Akaenda kwa wa tatu. Kuna waliokataa, akazunguka. Kuna mmoja aliyekubali kwa sharti mwanawe abebwe kila siku ya soko. Alifyeka mwenyewe, alijaza mashimo mwenyewe, na kila alipoingia shamba la mtu alipunguza mwendo na kusema, "Polepole, tuko kwa watu." Baada ya misimu kadhaa njia ile ilikuwa imepindapinda kama utumbo, lakini ilifika karibu kabisa na Kisarawe.

Palibaki pahali pamoja tu ambapo ilibidi kuvuka barabara ya serikali. Alikwenda bomani kuuliza. Karani alifikiri sana, akamwambia kwamba gari lililozimwa injini na kusukumwa kwa mikono, kwa maoni yake yeye, si gari linaloendeshwa. Basi ikawa hivyo. Gari linafika ukingoni, Dereva anazima, abiria wanashuka, wanalisukuma mpaka ng'ambo, wanapanda, anawasha.

Na jioni, kazi zikiisha, alilipeleka gari mpaka pale ukingoni na kuliegesha, magurudumu ya mbele yakiwa kwenye majani, karibu kabisa na changarawe. Alikaa humo peke yake injini ikinguruma polepole, akitazama magari ya watu yakipita. Nilikuwa nikitoka kuchanja kuni namwona. Nilitamani kumsemesha, nikaona bora nimwache. Mtu aliyefungiwa nyumbani, na mlango uko wazi mbele yake, utamwambia nini?

Mwaka ule mvua za masika zilikuja na hasira. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulinishika jioni, ukakesha nami, ukapambazuka nami, na jua lilipopanda mkunga wetu akatoka nje kuzungumza na mume wangu. Mama yule alikuwa amezalisha nusu ya Kibuta. Nilimsikia akisema, "Mwanangu, hii imenishinda. Mpelekeni hospitali." Kisha nikasikia ua wa makuti ukisukumwa, na sauti ya mume wangu, "Kaka! Kaka!" na mara hiyohiyo ile injini.

Walinilaza nyuma juu ya godoro, kichwa changu mapajani kwa mkunga. Mume wangu alikaa mbele. Dereva alikwenda kwa njia yake ya mashambani, na siku ile hakusema polepole. Matawi yalichapa mbao, maji ya matope yakaruka mpaka ndani. Tulifika kwenye kivuko. Akazima injini.

Nilimsikia mume wangu akishuka kusukuma, kisha nikamsikia akipiga kelele. Ng'ambo ya barabara, kule njia ya mashamba inakoteremka bondeni, hapakuwa na njia. Bonde lote lilikuwa maji. Minazi ilisimama katikati ya maji kama watu walioingia mtoni wakasahau kutoka.

Barabara ya serikali ilikuwa kavu, imeinuliwa, na lile bonde ililivuka kwa daraja lake la mawe.

"Kaka, ingia barabarani," mume wangu alisema.

Dereva alishuka. Alisimama katikati ya ile barabara, akatazama upande wa Kisarawe, akatazama upande wa Maneromango. Hapakuwa na kitu chochote kikija. Mvua ilikuwa inampiga.

"Sina ruhusa," akasema.

"Kaka, nakuomba. Nitakupigia magoti."

"Wakilikamata hawalirudishi. Karani ameniambia. Nikionekana hata mara moja, maombi yote yanafutwa."

Mkunga akatoa kichwa nje. "Baba, huyu ana watu wawili ndani yake, na wote wanakwenda."

Bado alisimama. Nilikuwa nasikia kila kitu kama kinasemwa ndani ya mtungi. Nikajiinua kwa kiwiko nikamwona kupitia kioo cha mbele, kanzu imemganda mwilini, mikono inaning'inia. Sijapata kumwona mtu aliyefungwa bila kamba namna ile.

"Shemeji," nikamwita, "ninakufa."

Akaja. Akaingia, akafunga mlango, akawasha. Na kabla ya kugeuza usukani, wallahi naapa, alitoa mkono nje kwenye mvua, akaashiria kwamba anaingia barabarani.

Binti yangu Mwajuma alizaliwa hospitali ya Kisarawe kabla ya alasiri. Daktari alimtoa kwa chuma, ana kovu dogo juu ya sikio mpaka leo. Mume wangu alipotoka nje kumtafuta Dereva ampe habari, hakumkuta. Alikuwa amekwenda bomani.

Hakuna aliyemkamata. Askari waliokuwa hospitali walikuwa wamejikinga na mvua, hawakuona kitu. Angeweza kusubiri maji yapungue, akarudi kwa njia yake. Lakini aliendesha mpaka mbele ya ofisi, akaliegesha vizuri, akaingia akiwa amelowa, akamwambia karani kwamba ameendesha gari lisilo na namba kwenye barabara ya serikali, na akataja kutoka wapi mpaka wapi.

Karani alituambia baadaye kwamba alimwomba aondoke. "Nilimwambia, mzee, mimi sijasikia. Toka, rudi kwako. Akarudia kusema, kwa sauti kubwa zaidi, na Bwana Shauri akasikia chumba cha pili."

Sikuelewa wakati ule, na mume wangu alimkasirikia sana. Alimwambia usoni, "Nani alikuuliza?" Dereva akajibu, "Nisingesema, kila jioni ningekuwa nangoja kukamatwa. Sasa wameshanikamata, nalala." Lakini hakulala. Mkewe aliniambia hakulala.

Gari likawekwa nyuma ya boma, karibu na ghala la mbegu, mpaka karatasi zake zitimie. Mwanzoni Dereva aliruhusiwa kwenda kulifuta vumbi baada ya sala ya Ijumaa. Kisha akaja askari mpya aliyemfukuza. Bwana Shauri yule alipohamishwa, aliyemfuata hakujua habari yoyote. Karani akatafuta ufumbuzi: Dereva atie sahihi kwamba kile kitu si gari, ni vyuma chakavu, akichukue aende nacho nyumbani. Vyuma havihitaji namba. Dereva alikataa. Mume wangu alimwendea, imamu alimwendea, mkewe alilia mbele yake. Alikataa.

Ile njia ya mashambani iliota majani. Mwaka mmoja baadaye Dereva na mkewe walihama, wakaenda upande wa Kibaha, kwenye mashamba ya mkonge karibu na Mlandizi. Mkewe alipoaga alinikumbatia akasema, "Huko angalau nitapata kitanda."

Nilimwona tena mara moja tu, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimekwenda Gwata kwenye msiba wa shangazi yangu, na wakati wa kurudi nikawa nangoja basi Mlandizi. Mtu akaja kwenye njia ya vumbi akitembea pembezoni, na alipofika pa kukata akanyoosha mkono. Nikasimama.

"Shikamoo, shemeji."

Alinitazama. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, na jicho moja lilikuwa na ukungu. "Marahaba. Wewe ni mke wa jirani yangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anasoma."

"Alhamdulillahi."

Tulikaa kwenye gogo. Aliniambia anaendesha trekta la mkonge. Barabara zote za mule ni za mwenye shamba, hakuna anayeuliza namba. Anaanza alfajiri, anazunguka na matela mpaka alasiri, anashukia alipopandia. "Naendesha siku nzima," akasema, "na sijawahi kutoka getini nalo." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza njia.

Nikapata ujasiri nikamwuliza lililonikaa moyoni miaka yote.

"Shemeji, kwa nini usitie sahihi? Wangekupa ukaondoka nalo. Ungeendelea na njia yako ya mashamba."

Alichora ardhini kwa fimbo, akafuta, akachora tena.

"Nilikwenda siku moja," akasema. "Hukuambiwa? Nilikwenda mpaka mezani. Karani akanipa kalamu. Akanisomea: mimi fulani nakiri kwamba kitu hiki hakijapata kuwa gari. Nikamwuliza, je, siku ile ya mvua nilimpakia mke wa watu kwenye nini? Akasema, mzee, ni maneno tu. Nikaiweka kalamu chini."

Basi lilikuwa limeanza kuonekana kwa mbali, vumbi lake linainuka. Akasimama pamoja nami kunisindikiza.

"Unapita bomani siku hizi?" akauliza, akitazama kwingine.

"Napita."

"Lipo?"

Nilifikiri nimwambieje. Kisha nikamwambia kama nilivyoliona. Mbao zimeliwa na mchwa. Taa zote hazipo. Injini ipo, imeota kutu, na kuku wa askari wanatagia kwenye viti.

"Na matairi?"

"Matairi yamekatwa yote, shemeji. Vijana wa sokoni wameyafanya katambuga. Nusu ya Kisarawe wanayavaa."

Alinikodolea macho. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikajuta kusema, nikadhani atalia mbele za watu. Kumbe kilikuwa kicheko kinatafuta njia. Alicheka mpaka akanishika bega asianguke, mpaka kondakta akateremka kuuliza kuna nini.

"Yanatembea barabara ya serikali," akasema, machozi yakimtoka. "Kila siku, shemeji! Na hakuna askari anayeyauliza namba."